Kompyuta ya Injini Ikifa, Tafuta Kwanza Kilichoiua

Hakuna kifaa kinachosingiziwa kwenye gari la zamani kama kompyuta ya injini. Gari limegoma kuwaka, plagi zimebadilishwa, pampu ya mafuta imebadilishwa, bado kimya. Basi hukumu inatoka kwamba kontroboksi, yaani hiyo kompyuta, imekufa. Mara nyingi haijafa. Na ikiwa imekufa kweli, mara nyingi kuna kitu nje yake kilichoiua, na kitu hicho bado kimo ndani ya gari kikiisubiri hiyo utakayoileta.

Ninazungumzia magari ya kati ya mwaka 1985 na 2005 hivi, yenye injekta (vipulizia mafuta) za umeme na boksi moja la alumini linaloongoza mafuta na cheche. Mapya zaidi yana mtandao wa kompyuta nyingi zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe, na hayo yana mambo yake.

Kabla ya kuihukumu

Washa swichi bila kupiga stata, utazame taa ya injini kwenye dashibodi. Kwenye magari mengi ya zamani taa hiyo huwashwa na kompyuta yenyewe. Ikiwaka, kompyuta angalau inapata umeme na ina uhai. Isipowaka, usikimbilie kusema imekufa: balbu huungua, fyuzi hukatika, relei (swichi inayoendeshwa na umeme) hugoma.

Kisha betri. Ikiwa imetulia isome takriban volti 12.6, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6 au 10. Betri inayoshuka hadi volti 8 inaweza kuzungusha injini vizuri tu huku kompyuta ikizima na kuwaka kila pistoni inapogandamiza. Hapo utaona dalili zote za kompyuta mbovu, na dawa yake ni betri au vichwa vya betri.

Baada ya hapo nenda kwenye soketi ya kompyuta ukiwa na mchoro wa pini wa gari hilo hasa. Bila mchoro utakuwa unabahatisha. Usichomeke ncha ya mita kwa mbele ya pini, maana utaitanua na utajitengenezea ugonjwa mpya. Ingiza sindano nyembamba kwa nyuma ya soketi, kando ya waya, soketi ikiwa imechomekwa. Tafuta umeme wa aina mbili: ule wa kudumu unaolinda kumbukumbu, ambao lazima uwepo hata swichi ikiwa imezimwa, na ule unaopita kwenye relei kuu, unaokuja swichi ikiwashwa. Vyote viwe karibu sawa kabisa na volti za betri.

Upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kupima waya wa ethi kwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) hakutoshi. Waya uliobakiwa na uzi mmoja kati ya ishirini utakuonyesha karibu sifuri, kwa sababu mita inapitisha mkondo mdogo mno; kazi halisi ikija, uzi huo mmoja hauwezi kubeba mzigo. Pima kwa volti, gari likifanya kazi: ncha nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri chenyewe, ncha nyekundu kwenye pini ya ethi ya kompyuta, kisha mtu apige stata. Ukisoma chini ya volti 0.1, ethi ni nzima. Ukisoma 0.4 au zaidi, sensa (vihisio vya injini) zinaweza kuisomea kompyuta uongo, na injini itamisi, italewa mafuta, au haitawaka kabisa. Ethi za kompyuta huwa zimefungwa kwa bolti kwenye manifoldi ya hewa au kwenye bloku ya injini. Aliyewahi kufungua injini akasahau kurudisha bolti hiyo, au akairudisha juu ya rangi na kutu, ndiye aliyepanda ugonjwa.

Linalofuata ni volti 5. Kompyuta huzigawia sensa kadhaa umeme wa volti 5 kupitia laini ya pamoja: sensa ya throto (mlango wa hewa ya injini), sensa ya mgandamizo wa hewa, na kwenye baadhi ya magari hata sensa ya presha ya gesi ya kiyoyozi. Pima kwenye soketi ya throto, inatakiwa 4.9 hadi 5.1. Ukikuta sifuri au volti moja na kidogo, usifungue boksi bado. Chomoa sensa moja moja huku unaangalia mita. Volti 5 zikirudi ghafla ulipochomoa sensa fulani, umempata mhalifu: sensa hiyo imepiga shoti ndani na ilikuwa inaibana kompyuta koo. Nani angedhani sensa ya kiyoyozi inaweza kuzuia gari kuwaka? Inazuia. Sensa zote zikichomolewa na bado hakuna volti 5, zima swichi, chomoa soketi ya kompyuta na upime kama waya huo umegusana na bodi ya gari mahali fulani. Waya ukiwa safi, sasa una haki ya kuishuku kompyuta.

Usisahau sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini. Ikifa, injini haipati cheche wala mafuta, na picha inakuwa ile ile ya kompyuta iliyokufa. Kama skana (mashine ya kusoma kompyuta ya gari) inasoma, angalia mizunguko ya injini wakati wa stata: ikibaki sifuri, shughulika na sensa na waya wake kwanza. Skana nayo ikikataa kuwasiliana, pima soketi yake yenyewe: pini ya 16 iwe na umeme wa betri, pini za 4 na 5 ziwe na ethi. Magari mengi yameunganisha pini ya 16 na fyuzi ya kiberiti cha sigara, na fyuzi hiyo hukatwa na chaja mbovu ya simu. Watu wamehukumu kompyuta kwa sababu ya fyuzi hiyo.

Soketi hiyo ya pini 16 ilikuwa lazima kwa magari ya Marekani kuanzia modeli ya 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake. Toyota nyingi za miaka ya 1990, kwa mfano, hutoa kodi za makosa kwa kumwekamweka kwa taa ya injini ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kiboksi cha uchunguzi. Soma herufi zilizo ndani ya kifuniko mara mbili kabla ya kuunganisha, kwa sababu kwenye kiboksi hicho hicho kuna tundu lenye umeme wa betri.

Neno moja kwa wenye Honda za miaka ya 1980 na 1990. Gari linalowaka asubuhi bila shida, likakataa baada ya kuegeshwa juani, kisha likawaka tena likipoa, mara nyingi halina tatizo la kompyuta. Ni relei kuu ya mfumo wa mafuta, yenye viungo vya lehemu vilivyopasuka nyufa nyembamba za duara kuzunguka miguu. Ukiwasha swichi na usisikie pampu ikivuma kwa sekunde mbili, fungua relei hiyo. Kuilehemu upya ni kazi ya dakika chache.

Kompyuta inathibitika kuwa mbovu pale ambapo umeme ni mzima, ethi ni nzima, volti 5 zipo, ishara ya krenki inafika, lakini amri haitoki. Mfano ulio wazi ni silinda moja isiyopata mafuta: injekta ni nzima, waya wake hadi kwenye kompyuta haujakatika, upande wa pili una volti 12, ila taa ya majaribio ya LED haimwekimweki. Hapo transista (swichi ya elektroniki ndani ya kompyuta) inayoendesha injekta hiyo imeungua. Tumia taa ya LED, usitumie balbu ya kawaida. Balbu hunyonya mkondo mkubwa, nawe utaunguza kilichokuwa kizima.

Kilichoiua

Transista haiungui bila sababu. Pima injekta zote. Aina ya omu nyingi husoma kati ya 12 na 16, na aina ya omu chache husoma 2 hadi 3, ambayo kwa kawaida huwa na rezista ya nje au kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili yake. Mtu akifunga injekta za omu 2 kwenye gari la omu 14 kwa sababu tundu lilikubali, mkondo unapanda mara kadhaa na kompyuta inalipa. Muhimu zaidi, zisome zote nne au sita na uzilinganishe. Moja ikisoma 6 wakati wenzake wanasoma 14, imeanza kupiga shoti ndani, na hiyo hairudi kwenye injini.

Mota ya kurekebisha sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga pedeli, ni muuaji mwingine. Kwenye Mitsubishi za miaka ya 1990, ile inayozunguka hatua kwa hatua inatakiwa isome omu 28 hadi 33 kwa kila koili ikiwa baridi. Maji ya kupozea injini hupita jirani nayo, huvuja ndani, koili hugusana, na chipu inayoiendesha ndani ya kompyuta huungua kiasi cha kuacha alama nyeusi kwenye bodi ya elektroniki. Ukibadilisha kompyuta ukaiacha mota ile ile, ya pili itaungua siku hiyo hiyo. Hii ndiyo sababu sipendi mtindo wa kuazima kompyuta ya gari lingine "tujaribu tu". Jaribio hilo lina maana baada ya kupima mizigo yote, yaani vifaa ambavyo kompyuta inaviendesha, na likifanywa kabla yake unaweza kubaki na magari mawili yasiyowaka.

Kuna maji pia. Baadhi ya watengenezaji waliweka kompyuta chini ya kioo cha mbele, kwenye bonde la waipa, ambako majani yakiziba tundu la kutolea maji panakuwa bwawa. Wengine waliiweka chini ya kapeti upande wa abiria. Ukikuta kapeti ina unyevu, au pini zina unga wa kijani, huna haja ya kutafuta mbali. Mafuta ya injini nayo husafiri. Kwenye baadhi ya injini za Mercedes-Benz, smaku za kurekebisha kamshafti (shafti inayofungua valvu) huvuja, mafuta yakaingia ndani ya ganda la waya na kupanda taratibu katikati ya nyuzi hadi kwenye soketi ya kompyuta. Chomoa soketi na upanguse pini kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na mafuta, tengeneza uvujaji kwanza. Mercedes-Benz za mwanzo hadi katikati ya miaka ya 1990 zina lao jingine: ganda la waya za injini linalokauka na kupukutika kama ganda la yai, waya zikabaki uchi na kugusana. Humo kompyuta mpya haifungwi kabla ya waya mpya.

Orodha inaendelea na betri iliyofungwa kinyume, na mtu aliyelehemu bodi ya gari kwa mashine ya umeme bila kuchomoa betri na kompyuta.

Umri, yaani kapasita

Kifo kimoja hakihitaji muuaji wa nje. Ndani ya kompyuta nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 kuna kapasita (vihifadhi umeme) ndogo za mviringo zenye kimiminika. Mpira wa chini huchoka, kimiminika huvuja, na kimiminika hicho hula shaba. Toyota, Lexus, Mitsubishi na Nissan za kipindi hicho zote zinajulikana kwa ugonjwa huu. Dalili huja taratibu: sailensi inapanda na kushuka bila mpango, taa ya injini inakuja na kuondoka, gari linazima likiwa limepata moto, kisha siku moja haliwaki.

Ukifungua boksi, pua itakuambia kabla ya macho. Kuna harufu kama ya samaki aliyechacha. Halafu angalia chini ya kila kapasita: bodi imebadilika rangi kuwa kahawia, varnishi ya kinga imevimba na kuwa na vipele, na viungo vya lehemu vilivyo jirani vimepoteza mng'aro. Kapasita inaweza kuonekana nzima kwa juu kabisa huku miguu yake ikiwa imekwisha kuliwa.

Kazi ya kuzibadilisha ni nafuu sana, na kwa gari lenye imobilaiza (kizuia wizi kinachotambua ufunguo) ndiyo njia bora kuliko zote kwa sababu unabaki na kompyuta yako mwenyewe. Piga picha pande zote mbili za bodi kabla ya kugusa chochote. Andika thamani ya kila moja na upande wa hasi. Kompyuta za Mitsubishi zenye injini ya 4G63 za mwanzo wa miaka ya 1990 kwa kawaida zina tatu, za mikrofaradi 22, 47 na 100. Nunua zenye uwezo ule ule wa mikrofaradi, volti zile zile au zaidi kidogo, na kiwango cha joto cha nyuzi 105. Za nyuzi 85 waachie watengenezaji wa redio. Hakikisha pia kwamba kimo chake kinaruhusu mfuniko kufunga.

Chuma cha kulehemu kiwe na ncha safi, joto karibu nyuzi 350. Mguu wa hasi huwa mgumu kwa sababu umeunganishwa na eneo kubwa la shaba linalonyonya joto. Ongeza lehemu mbichi kidogo kwenye kiungo cha zamani, subiri iyeyuke yote, ndipo unyonye kwa utepe wa shaba au pampu. Usivute kapasita kwa nguvu. Ukivuta, itatoka na bomba jembamba la shaba lililo ndani ya tundu, lile linalounganisha upande wa juu na wa chini wa bodi, na kuanzia hapo kazi ya nusu saa inakuwa ya siku nzima. Zikishatoka, safisha eneo lote kwa alkoholi ya asilimia 99 na mswaki laini, rudia hadi harufu iishe. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana. Kimiminika kilichobaki kitaendelea kula njia za shaba chini ya kapasita mpya, na gari litarudi baada ya miezi.

Pima kila njia ya shaba iliyopita kwenye eneo lililoharibika. Iliyokatika, ifuate hadi kiungo kinachofuata na uunganishe kwa waya mwembamba wenye ganda. Maliza kwa varnishi ya kinga ya bodi za elektroniki.

Ukilazimika kutafuta nyingine

Namba ya kipuri ni kila kitu, na isome kwenye boksi lililotoka kwenye gari lako. Usitegemee kumbukumbu ya muuzaji. Toyota huanza na 89661, Honda 37820, Nissan 23710. Bosch za petroli huanza na 0 261 na za dizeli 0 281. Tarakimu za mwisho ndizo zenye siri. Boksi mbili zinazofanana kwa sura na soketi zinaweza kuwa moja ya gia za mkono na nyingine ya otomatiki, moja ya injini yenye turbo na nyingine isiyo nayo. Gari linaweza kuwaka nayo na kukimbia, ila litakula mafuta, litabadilisha gia vibaya, au litalalamika kuhusu sensa ambayo halina.

Imobilaiza ndiyo kizingiti cha pili. Kuanzia katikati na mwishoni mwa miaka ya 1990, magari mengi yana kompyuta inayotambua chipu iliyo ndani ya ufunguo. Ukifunga kompyuta ya gari lingine, injini itawaka sekunde moja na kuzima, au haitawaka kabisa. Njia ni tatu. Ununue seti nzima iliyotoka gari moja: kompyuta, boksi la imobilaiza kama lipo kando, na ufunguo wake, au angalau chipu yake. Au uisajili upya kwa mashine ya uchunguzi yenye uwezo huo, pale ambapo mtengenezaji anaruhusu. Au uhamishe kumbukumbu kutoka kompyuta ya zamani hadi mpya. Kwenye nyingi hukaa ndani ya chipu ndogo ya miguu 8, kama ile ya 95040 kwenye Bosch ME7. Njia hii ya tatu ni nzuri hata kama kompyuta ya zamani imeungua, maana chipu hiyo mara nyingi hupona. Isome mara mbili, linganisha nakala, zihifadhi, ndipo uandike. Kama unaandika programu boksi likiwa ndani ya gari, funga chaja imara kwenye betri. Umeme ukiyumba katikati ya kuandika, umeua kompyuta ya pili kwa mkono wako.

Kuifunga

Zima swichi, chomoa kichwa hasi cha betri, na kama gari lina mifuko ya hewa subiri angalau sekunde 90. Shika chuma tupu cha gari kabla ya kugusa boksi ili umeme tuli wa mwili wako utoke, na usiguse pini. Boksi nyingi hushikwa na bolti au nati za milimita 10, nyuma ya droo ya dashibodi au chini ya kapeti. Soketi za baadhi ya Nissan zina bolti katikati. Ilegeze taratibu na itasukuma soketi yenyewe. Ukivuta waya, umeharibu.

Kabla ya kuchomeka, angalia pini za upande wa waya kwa tochi, moja baada ya nyingine. Iliyosukumwa nyuma au kutanuka itakupa ugonjwa wa kuja na kuondoka. Safisha kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, acha ikauke. Rudisha vishikizo na mpira wa kuzuia maji kama vilivyokuwa.

Unganisha betri, washa swichi, hesabu sekunde 30 bila kugusa pedeli. Kwenye magari yenye throto ya umeme, muda huo huitumia kujifunza mahali throto inapoanzia; baadhi hudai amri hiyo itoke kwenye skana. Kisha washa na uiache sailensi hadi feni ya rejeta ifanye kazi, vifaa vyote vya umeme vikiwa vimezimwa. Sailensi kuyumba mwanzoni ni kawaida: kompyuta inaanza bila kumbukumbu yoyote ya marekebisho ya mafuta, na itahitaji mwendo wa kawaida wenye kasi tofauti ili ijipange.

Injini ikiwa imepata moto, pima chaji: 13.5 hadi 14.7. Geuza mita kwenye AC upime kwenye nguzo hizo hizo za betri. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, diodi za alteneta zimeanza kufa na zinaipelekea kompyuta mpya umeme mchafu. Gusa soketi za injekta na koili, tikisa waya karibu na bloku ya injini, sikiliza kama kuna mabadiliko.

Ile ya zamani usiitupe hata kama imeungua. Ndani yake kuna chipu ya imobilaiza ya gari lako, kuna soketi ya pini nyingi ambayo haiuzwi peke yake kirahisi, na kuna transista nzima ambazo siku moja zitahitajika kwenye hiyo mpya. Iandike tarehe, namba ya gari na laini iliyoungua, uifunge kwenye mfuko mkavu.